Simba wa Ijumaa Saa Nne

Baba wa familia alikuwa amesimama jikoni, taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni, akisoma ukuta.

"Mama watoto, hapa umeniandikia nini? Bafu, mwisho saa kumi na mbili na robo?"

"Na sasa ni kumi na mbili na dakika ishirini," mkewe alijibu bila kugeuka. "Huo ni muda wa binti yako. Povu utalimalizia kwenye sinki."

Baba akalimalizia kwenye sinki. Angefanyaje? Ratiba ya nyumba ile ilikuwa karatasi kubwa kuliko mlango wa friji, na mwenye kalamu alikuwa mama. Ofisini alikuwa mkuu wa mipango, na nyumbani vilevile, tena bila likizo. Kila mtu alikuwa na rangi yake: mama nyekundu, baba buluu, binti mkubwa zambarau, wa katikati manjano, kitinda mimba kijani. Aliyetaka kitu nje ya ratiba aliandika ombi siku nne kabla. Usidhani natania. Mama mkwe alipopiga simu kwamba ana hamu ya kuwaona wajukuu, alipewa Jumapili, dakika ishirini, na akaombwa aje akiwa ameshakula.

Majirani walimsifu, na kweli, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuchelewa popote. Aliyebanwa alituma mwakilishi, kama wafanyavyo wakubwa wa maofisini. Kwenye mkutano wa wazazi mama alimtuma dereva. Siku ya michezo baba alimtuma katibu muhtasi wake, ambaye alipiga makofi kwa bidii na kurudi na ripoti ya ukurasa mmoja. Kitinda mimba, miaka minane tu, alishazoea. Mwalimu akiuliza, mtoto alijibu kama mtu mzima: "Wazazi wangu wamewakilishwa."

Sasa Jumatatu moja mama akakuta ombi la kijani chini kabisa ya karatasi, pale mkono wa mtoto ulipofika.

"Ijumaa saa nne asubuhi. Mchezo wa kuigiza. Mimi ndiye Simba. Naimba peke yangu. Mama au baba. Mmoja tu anatosha."

Mama alisoma mara mbili. Hilo neno "anatosha" lilimchoma. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba, na machozi yakamtoka.

"Baba watoto, safari hii hatumtumi mtu. Tunakwenda wenyewe, wote wawili."

"Ijumaa nina wateja."

"Una mtoto."

Baba akanywea. Kusema kweli hata yeye iliwahi kumuuma. Siku ile ya michezo, habari kwamba mwanawe alishika nafasi ya pili aliisoma kwenye ripoti, aya ya tatu.

"Sawa," alisema. "Lakini tusimwambie. Tumshtukize."

Basi mama akashika kalamu zote tano akaivaa ile karatasi. Kikao chake cha Ijumaa akakisukuma Alhamisi jioni. Wateja wa baba wakaenda Jumatano. Dereva na safari yake ya daktari wa meno, mstari wa kijani, wakatolewa Alhamisi wakapelekwa Ijumaa asubuhi, somo la kinanda la binti likahamia Jumamosi, na bibi wa watu akapoteza dakika tano. Ombi la mtoto akalifuta makusudi, siri isije ikatoka. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa na rangi za ukoo mzima.

"Imekaa!" alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akacheka.

Ijumaa asubuhi mtoto alisimama mbele ya ratiba kama kawaida. Akasoma mistari yake ya kijani. Akaisoma tena. Kisha akabeba begi lake akaingia garini kwa dereva, maana ratiba ya mama ilikuwa haiulizwi. Nyuma yake wazazi walikonyezana kama watoto walioiba sukari.

Saa tatu na nusu wakaondoka na gari la baba. Wakapotea mara mbili, kwani njia ya shuleni aliijua dereva. Hata hivyo walifika, wakajipenyeza mpaka mstari wa mbele, wakakaa.

Simba akatokea. Lo! Kichwa kikubwa cha karatasi ngumu, manyoya ya sufu hadi mabegani, mkia unaburuzika. Akasimama katikati ya jukwaa, akaimba, na ukumbi wote ukatulia tuli.

"Sauti hiyo ni ya kwetu," mama alinong'ona, mashavu yamelowa.

"Ya kwenu wapi? Hiyo ni ya babu yangu, Mungu amrehemu."

"Babu yako alikuwa anakoroma tu!"

Baba alisimama arekodi vizuri kwa simu. "Kaa chini mzee, unatuziba!" mtu wa nyuma alifoka. Baba hakukaa. Moyoni alikuwa akiapa kwamba wateja watamngoja, wakitaka waende kwa mwingine, lakini mtoto huyu hatamkosa tena.

Makofi yalipolipuka, mama hakusubiri pazia. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya ofisini, akamkumbatia Simba na manyoya yake yote. Baba akafika naye, akawakumbatia wote wawili.

Simba alijinasua taratibu, akakivua kile kichwa. Ndani yake alikuwemo msichana mwenye pengo, jasho linamtiririka.

"Shikamooni," alisema kwa adabu. "Mwenzangu yuko kwa daktari wa meno, ratiba imembana, kwa hiyo mimi namwakilisha. Na nyinyi mmekuja kwa niaba ya nani, mama yake au baba yake?"