Swali Dogo la Nyongeza

Siku hizi waziri hajibu maswali bungeni, hujibiwa. Punje ndogo kama ufuta hubandikwa chini ya ulimi wake, na hiyo punje ndiyo inayosema, kwa sauti ya waziri mwenyewe. Waziri Lwitiko Mwakalinga aliipenda mno. Asubuhi ile ilimjibia bei ya mbolea, ikamjibia na ugomvi wa mpakani na nchi jirani, hata wapinzani wakapiga meza. Katika kupongezwa huku na huku akasahau kuirudisha kwa karani mlangoni, akaenda nayo nyumbani.

Mkewe, Tumpe, alimwandalia ndizi na maziwa mgando, kisha akauliza lile aliloliuliza miaka mitatu bila jibu.

"Baba Atu, mama yangu aje tukae naye, au asije?"

Lwitiko alikuwa bado anatafuta maneno ya kukwepa, mdomo ukamtangulia. "Aje hata kesho. Tutampa chumba cha mbele, kina jua. Magoti yake yatapata nafuu."

Tumpe alifuta machozi kwa kanga huku akicheka. Lwitiko naye akafurahi kwelikweli. Hakuona hata neno moja la kupinga. Kwa nini hakulitoa jibu hilo siku zote hizo?

"Mheshimiwa," Tumpe akamtania, akipiga meza kama mbunge, "swali dogo la nyongeza. Hilo jibu limetoka moyoni?"

Lwitiko akahisi punje ikimtekenya chini ya ulimi. Angeweza kuitema. Akaegemea kiti, akatabasamu, akasubiri kusikia atajibu nini.