Vidole Vinne vya Kitambaa

Kitwana alilitandaza koti mezani, akasema halikubali tena kufungwa vifungo, na kesho anamwozesha binti yake. Yeye mwenyewe alilivaa juu ya kanzu siku ya ndoa yake, miaka thelathini nyuma. Buluu yake ilikuwa imepauka.

"Niambie ukweli, fundi. Ninunue jipya?"

Fundi Mbaruku, aliyelishona koti hilo, alichukua wembe. Akaufumua mshono wa ubavuni taratibu. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, upana wa vidole vinne, buluu yake imekoza kama siku kilipotoka dukani.

Kitwana alishangaa. "Mbona mimi nilikwambia unishonee la kubana?"

"Ulisema. Jioni yake akaja marehemu mkeo Mwashamba, kabla hamjaoana. Akaniambia, 'Fundi, usikate kitambaa chote. Mimi najua kupika, na yule atanenepa. Nataka alivae mpaka tuozeshe.'"

Kitwana alikipapasa kile kitambaa.

"Nikilipanua, ubavuni pataonekana mistari miwili," fundi alisema. "Nikutilie rangi koti zima lifanane?"

"Hapana. Iache hivyo hivyo."

Kesho yake, vifungo vyote vilifunga. Watu walipoinua mikono kuitikia dua, Kitwana naye aliinua yake, na ile mistari miwili ikajitokeza chini ya kwapa, kila upande mmoja, kama viganja vya mtu aliyesimama nyuma yake akamshika.