Tone Lililopata Joto

"Shoga, usinifanye mjinga! Umesogeza jiko chini ya bomba la gundi. Gundi ikipata joto inakuwa nyepesi, tone linatoka nono!" Mishi alikuwa kasimama barazani kwa Riziki, mikono kiunoni, na mtaa mzima ulishaanza kuchungulia.

"Na wewe sogeza lako," Riziki akamjibu. "Nani kakuzuia?"

Kila nyumba ya wanandoa ina bomba hilo ukutani. Asubuhi likilia, mume anakinga kiganja, tone linaingia ngozini, naye siku nzima anavutwa kwa mkewe. Kipimo ni kimoja kwa wote, ndivyo walivyoambiwa. Lakini Bakari wa Mishi kila jioni yuko kijiweni anapiga domo mpaka kahawa imwishie muuzaji, na Sefu wa Riziki hajaonekana hata dukani tangu Idi. Wivu ulimjaa Mishi.

"Maneno ya nini? Njoo ujionee," Riziki alisema, akafunua pazia.

Sefu alikuwa mkekani, kashika ncha ya kanga ya mkewe. Riziki alipokwenda kuchukua sahani, Sefu alimfuata kwa magoti, asiiachie. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyesahau kuomba maji. Mishi aliyaona yote hayo, na bado roho ilimuuma: Bakari hajawahi kumshika hivyo.

"Karibu, shemeji," Sefu alisema, macho yakiwa kwa mkewe. "Ingia ule."