Bangili ya Daktari Kibwana

Madaktari wote wa watoto huvaa bangili inayowapa maumivu ya mtoto aliye karibu, ili mtoto asihangaike kujieleza. Daktari Kibwana wa Morogoro aliizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, na jioni hiyo alisahau kuivua hospitali. Alipoingia nyumbani, sikio lake la kushoto likawaka moto. Sebuleni alikuwepo bintiye Tausi tu, wa miaka sita, anakula wali huku akitabasamu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Sikio linakuuma?”

“Haliumi.”

“Acha uongo wewe. Langu linataka kupasuka.”

Tausi akaiona bangili. Akashuka kitini, akarudi nyuma mpaka ukutani. “Niliogopa utakuja nayo! Ivue, baba.”

Kibwana akaivua na kuiweka juu ya kabati. Maumivu yakakatika papo hapo.

“Sasa huumwi?” Tausi akauliza.

“Siumwi, mama.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Hapo ndipo mtoto alipolishika sikio lake na kuangua kilio. Kibwana akampakata, asijue tena linauma kiasi gani.