Nati Mbili

Stara alishika mpini wa jeki, akasubiri. Khalidi alijilaza chali juu ya kipande cha boksi, akajisukuma uvunguni mwa gari hadi ikabaki miguu tu nje.

"Stendi za kuegeshea huna, shemeji?" sauti ilitoka chini.

"Kaka Zaidi kamwazima jirani. Jeki yenyewe nzima, fundi."

Stendi zilikuwa stoo, chini ya turubai. Stara alizificha mwenyewe asubuhi ile.

Gari lilikuwa la Zaidi, kaka yake: jekundu, la mashindano, limeinama chini kama paka anayevizia. Stara aliliazima makusudi. Lilikuwa aina moja na lile lililomuua mumewe, Munir, miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya Jumatatu akielekea kazini Mtumba. Giaboksi ilikaza ghafla, magurudumu yakagoma kuzunguka, gari likapinduka mara tatu. Walipolifungua, giaboksi ilikuwa kavu, haina hata tone la oili.

Na fundi wa mwisho kulishika alikuwa Khalidi, rafiki wa Munir. Wiki moja kabla ya ajali alibadilisha klachi. Aliapa mbele ya polisi na mbele ya wazee wa Makole kwamba aliirudishia giaboksi oili yake yote. Ushahidi haukupatikana, akaachiwa. Siku ya hitima alikuja, akaketi nje peke yake, na hakuna aliyempa hata kikombe cha chai. Wateja nao wakamkimbia.

Stara hayo hayakumtosha. Alitaka Khalidi naye afe kwa gari, na watu waseme ni ajali, kama walivyosema ya Munir. Ndipo juzi akampigia simu aje nyumbani kubadilisha oili.

Khalidi alifika amevaa shati safi, si la kazi.

"Nimeshukuru umeniita," alisema, machozi yakimlengalenga. "Tangu msiba ule, hakuna mtu wa nyumba hii aliyeniitikia salamu."

Stara alimwonyesha gari tu.

Sasa alianza kuuzungusha mpini, taratibu. Jeki ilitoa mlio mwembamba. Robo mzunguko tu zaidi, na chuma chote kingemshukia kifuani.

"Shemeji, hebu inama uone," Khalidi aliita. "Haya magari yana mtego. Ipo siku utataka kufanya mwenyewe, ukosee."

Stara aliinama, mkono ungali kwenye mpini. Alitaka kuuona uso ule mara ya mwisho.

"Nati ni mbili. Hii ya mbele, inayofunguliwa kwa spana, ndiyo ya oili ya injini. Ile ya nyuma, yenye tundu la pembe nne katikati, ni ya giaboksi. Zote zinatoa oili, kwa hiyo mtu halioni kosa lake. Anamwaga ya giaboksi, anafunga, halafu anamimina oili mpya kwenye injini ambayo tayari imejaa. Anafuta mikono, roho yake safi. Gari linatembea siku mbili, tatu..."

Aliigusa ile nati ya nyuma kwa kidole.

"Nimeliwaza sana hili, shemeji. Usiku silali. Lakini Munir alizijua nati hizi kama vidole vyake. Asingekosea."

Upepo ulipita uani, ukamwaga vumbi juu ya boneti. Stara aliurudisha mpini kule ulikotoka, akaukaza kwa mikono yote miwili, akaukaza tena.

"Toka huko chini, fundi."

"Mbona hata sijafungua..."

"Toka kwanza!"

Khalidi alijivuta nje, akaketi palepale chini, akimtazama bila kuelewa. Stara aliketi vumbini mbele yake.

"Ile Ijumaa kabla ya ajali, Munir alikuwa msikitini," alisema. "Nilitaka akirudi akute nimeshambadilishia oili. Nikafungua ya nyuma."