Hakimu Aliyeoga Vumbi la Mkaa

Katika banda moja la kuku weupe, mtama wa mbegu uliliwa wote. Tetea mmoja tu alikuwa mweusi, basi akashtakiwa yeye. Akipatikana na hatia angefukuzwa, na mayai kumi na moja aliyokuwa akiyalalia yangepoa.

Hakimu alikuwa Jogoo. Kanga alimtetea mshtakiwa, na shahidi alikuwa Bata Mzinga.

"Ulimtambuaje mwizi?" Kanga akauliza.

"Alikuwa mweusi tii. Sura ya nini tena?"

"Hawa tunawajua," Jogoo akaongezea. "Wizi wanazaliwa nao."

"Sawa, Mheshimiwa," Kanga akasema. "Ila imeshafika saa sita."

Saa sita kuku huoga vumbi kuua utitiri, na hakuna kesi inayozuia hilo. Siku hiyo Kanga aliwapeleka penye vumbi la mkaa, laini kama poda. Jogoo naye akagaagaa kwa raha. Wakarudi wote weusi kama masufuria ya shughuli.

"Haya, shahidi, tuonyeshe mwizi," Kanga akasema.

Bata Mzinga akababaika, kisha akamnyooshea bawa yule mnene aliyekaa mbele. "Yule pale! Namjua hata nikiwa usingizini!"

"Mwongo mkubwa wewe!" Jogoo akafoka. "Nilipokuwa nakula ulikuwa umenipa mgongo!"

Banda zima likamgeukia. Jogoo akakohoa, akatangaza kwamba kesi imeahirishwa.

Tetea hakungoja tarehe. Alikuwa ameshawahi mayai yake, na yalikuwa bado na uvuguvugu.