Bata Aliyemaliza Muda kwa Salamu

Sogeeni niwaambie. Wanyama walikuwa na redio yao, mtangazaji akiwa Kasuku. Siku moja akawaita Jogoo na Bata, waliokuwa wakigombea udiwani, kila mmoja aombe kura.

Bata akaanza na salamu. "Bi Siwema Panya, mguu umepoa? Mzee Kobe, poleni na msiba wa shemeji." Akaendelea hivyohivyo mpaka muda wake ukaisha.

Jogoo akacheka. "Huyu ndugu yangu kaja kuomba kura au kusalimia? Mimi nina sera." Akazimwaga, kifua mbele, bonde zima likitetemeka.

Simu ikalia. "Mheshimiwa Jogoo, mimi jirani yako wa ghalani. Kila alfajiri unawika mlangoni kwangu. Hivi jina langu unalijua?"

Jogoo akakohoa. Akamwinamia Bata, akanong'ona, "Ndugu yangu, huyu anaitwa nani?"

"Siwema," Bata naye akanong'ona. "Muulize na mguu."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu akasikia.

Udiwani akaupata Bata. Lakini Jogoo naye si mbaya. Siku hizi, kabla hajawika, hupita kwanza ghalani, akauliza polepole, "Bi Siwema, mguu umeamkaje?"